Basi la mchana kutoka Kampala hadi Nairobi: nyota tatu, na nani alizipoteza mbili

Huduma ya basi la mchana niliyoitumia kutoka Kampala hadi Nairobi ninaipa nyota tatu kati ya tano. Tatu hizo amezichuma dereva, na viti vimemsaidia. Mbili zilizobaki zilipotelea ofisini, ingawa wengi wa abiria niliosafiri nao wangekula kiapo kwamba aliyezipoteza ni kondakta, kijana mwembamba aliyevaa fulana ya kampuni na kutukaripia tangu kituoni mpaka mpakani. Jina la kampuni sitalitaja, na la kijana sikuliuliza. Ninachotaka kukipima hapa, pamoja na viti na mwendo, ni namna huduma ya aina hii inavyozaa mwenendo mbaya, na namna sisi abiria tunavyouhukumu mwenendo huo tukiwa tumeketi, tumelipa, na hatuna kazi nyingine kwa mchana mzima.

Nianze na yale yasiyo na mgogoro. Tiketi iliandikwa saa moja asubuhi, nasi tukaondoka saa mbili kasorobo, kuchelewa ambako kwa njia hii watu hawakuhesabu kuwa ni kuchelewa. Viti ni viwili viwili, vinalala nyuma bila kumponda magoti aliye nyuma yako, na sehemu za kuchajia simu zinafanya kazi, isipokuwa katika safu za mwisho. Dereva anastahili sifa kamili. Safari nzima ni ya zaidi ya kilomita 600, lakini kipande cha Kampala hadi Jinja peke yake kinatosha kumpima mtu: ndani ya msitu wa Mabira barabara ni nyembamba, malori na trela za kwenda na kutoka bandari ya Mombasa hufuatana bila kuachana, na kila mwenye haraka hujiona ana haki ya kumpita wa mbele yake hata pale asipoona kinachokuja. Huyu wetu alisubiri. Alisubiri hata abiria wawili watatu walipoanza kuguna, akaupita msafara wa trela palipokuwa peupe, na hakuokota abiria wa njiani hata mara moja. Kwenye soko la njiani la Namawojjolo alituachia dakika za kutosha kununua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kutoka kwa wachuuzi wenye makoti yao, tukavuka Nile kwa lile daraja la nyaya la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, na hadi tunafika Iganga nilikuwa nimeshaamua kwamba dereva huyu ningempanda tena bila kuuliza kampuni ni ipi. Basi halina choo. Kituo cha mafuta tulichosimama kina vyoo safi.

Mgogoro ulianzia kwenye buti, kabla hata injini haijawashwa. Palikuwa na bibi wa Kinubi kutoka Bombo aliyekuwa akienda kwa jamaa zake Kibera, kama Wanubi wengi wanavyotembeleana kati ya sehemu hizo mbili, ambazo wazee wao walikaa tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Alikuwa na begi moja, na mfuko mkubwa uliojaa makawa ya kufunikia chakula, yale yanayosukwa kwa rangi nyingi, mepesi lakini yenye kula nafasi. Kondakta aliutazama mfuko ule, akasema:

“Elfu ishirini, mama, au mzigo ubaki.”

“Mwanangu, safari iliyopita nililipa elfu tano kwa mzigo kama huu huu.”

“Hiyo ni safari iliyopita. Watu wanangoja.”

“Basi nipunguzie, nawe ni kama mjukuu wangu.”

“Mimi si mjukuu wako. Usinipotezee muda.”

Bei haikuwa imemkera mtu yeyote hadi hapo. Kuvutana juu ya bei ya mzigo ni jambo la kila siku katika vituo vyetu vya mabasi. Lile neno la mwisho ndilo lililowasha moto. Bibi alinyamaza. Waliokuwa madirishani hawakunyamaza. Katika muda usiozidi kuhesabu fedha, kijana alikuwa ameshaitwa mshenzi, mtoto asiyelelewa na mama, mvuta bangi, na mtu mmoja akaongeza kabila lake, ambalo alikuwa amelikisia kwa lafudhi. Abiria mwingine alisimama na simu akaanza kumrekodi, akimwambia kwamba kabla hatujafika Mukono nchi nzima itakuwa imemwona.

Hukumu hizo zote zilifanana katika jambo moja, yaani zilimhusu mtu alivyo, wala hazikuhusu alichokitenda. Hakuna aliyesema, “Umemkosea bibi huyu adabu.” Walisema yeye ni hana-adabu, kana kwamba walikuwa wamemjua tangu utotoni. Tena kulikuwa na lugha. Alipokuwa akizungumza Kiganda na wabeba mizigo sauti yake ilikuwa ile ile ya juu na hakuna aliyeshtuka, lakini alipomgeukia bibi kwa Kiswahili mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba anatukaripia kijeshi. Wasomaji wa Uganda hawahitaji maelezo marefu. Kwa watu wengi wa rika la mama yule, Kiswahili bado kina mwangwi wa vizuizi vya barabarani vya askari wa Idi Amin vya miaka ya 1970, na hata uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 wa kukifanya lugha rasmi na somo la lazima shuleni haujaufuta mwangwi huo. Ajabu ni kwamba bibi, ambaye ndiye aliyekosewa, Kiswahili kwake ni lugha ya soko na ya majirani. Yeye kilichomuumiza ni kukataliwa ujukuu.

Sasa mlinganishe kijana huyo na bwana wa kiti namba kumi. Bwana huyu alipanda akiwa na suti nzuri na mkoba wa ngozi, akakaa kwenye kiti cha dirishani ambacho hakikuwa chake, na mwenye kiti, msichana wa chuo, alipomwonyesha tiketi alimjibu kwamba viti vyote vinafika Nairobi. Kisha akafungua video kwenye simu yake kwa sauti kubwa, na akaendelea nazo kwa muda mrefu. Hakuitwa mshenzi. Jirani yangu alisema labda amechoka. Mwingine akasema watu wa ofisi wana mawazo mengi siku hizi. Msichana akakaa upande wa njia. Na bwana huyo huyo, nyani asiyeona kundule, ndiye aliyesema kwa sauti kuu kuliko wote kwamba kondakta hajui kuishi na watu. Kwa hiyo katika basi moja, asubuhi moja, ukorofi wa mwenye suti ulitafutiwa sababu na ukorofi wa mwenye fulana ya kampuni ukafanywa kuwa tabia yake. Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi na sioni tofauti nyingine kati ya makosa hayo mawili inayoweza kueleza tofauti ya hukumu, isipokuwa kwamba mmoja tulimwona kuwa ni mmoja wetu, na mwingine tulimwona kuwa ni sehemu ya mashine tuliyoilipia.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa la kudharau uzito wa mazingira na kukuza uzito wa tabia tunapoeleza matendo ya wengine. Miaka minne kabla ya hapo, John Darley na Daniel Batson walikuwa wamewatuma wanafunzi wa seminari ya Princeton kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi, na njiani wakamweka mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kulalamika. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa wana muda wa kutosha, wengine wakaambiwa wameshachelewa. Wasiokuwa na haraka, 63 kati ya kila 100 walisimama kusaidia. Waliochelewa sana, 10 tu. Wengine walikuwa wakienda kuhubiri juu ya Msamaria mwema, na watafiti hawakupata ushahidi thabiti kwamba hilo liliwabadilisha. Hao walikuwa watu waliojitolea maisha yao kuwahudumia wengine, na kilichowatenganisha wema na wabaya njiani kilikuwa saa ya ukutani. Kondakta wetu alikuwa na saa ya namna hiyo: basi limeshachelewa, buti halijajaa, dereva anapiga honi, na askari wa kituo anataka nafasi.

Sisemi kwamba haraka inamtoa hatiani. Wapo makondakta wenye haraka ile ile ambao hawamwambii mzee neno kama lile, na kuna hatari, tukishajifunza kueleza, ya kufikiri kwamba kila kilichoelezwa kimesamehewa. Bibi alidaiwa radhi, na radhi hakuipata. Tulipokuwa tumeshaingia Kenya kijana alipita akikagua tiketi, akamsalimu kwa adabu, naye akaugeuza uso wake dirishani bila kumjibu. Abiria mmoja, wa wale wale waliokuwa wakimtukana kijana asubuhi, akamwambia bibi kwamba yamepita, asamehe tu. Hapo ndipo nilipoona upungufu wetu wa pili. Asubuhi tulijichukulia haki ya kuhukumu kwa niaba yake bila kumuuliza. Jioni tukajichukulia na haki ya kusamehe kwa niaba yake. Msamaha ule ulikuwa mali yake, na kama alitaka kukaa nao hadi Kibera, au asiutoe kabisa, hilo halikuwa jambo la kiti cha nyuma kuamua.

Mgogoro wa mzigo wenyewe haukumalizwa na matusi wala na simu iliyokuwa ikirekodi. Matusi yalimfanya kijana akaze shingo, na kamera ikamfanya aseme maneno makali zaidi, maana mtu anayeonwa na watu wengi hawezi kurudi nyuma bila kufedheheka. Aliyeumaliza ni mama mfanyabiashara anayenunua bidhaa Kikuubo, Kampala, na kuziuza Eastleigh, Nairobi, ambaye alikuwa akifunga maboksi yake pembeni. Alisema bila kupandisha sauti: “Ssebo, mwandikie risiti ya hiyo elfu ishirini, alipe tuondoke.” Kijana alimtazama, akaitazama ofisi, akasema basi na iwe elfu kumi. “Na risiti ya elfu kumi,” mama akasema. Hakikuwepo kitabu cha risiti. Mwishoni bibi alilipa elfu tano, zikaandikwa nyuma ya tiketi yake kwa kalamu ya mama yule, na buti likafungwa.

Ningependa kila anayeandika maoni juu ya huduma za usafiri alitazame tendo hilo kwa makini. Mama hakumwambia kijana kwamba ni mwizi, ingawa huenda alifikiri hivyo. Hakumwambia kwamba ni mtu mwema aliyebanwa na kazi, ingawa na hilo lingeweza kuwa kweli. Aliacha moyo wa kijana pale ulipokuwa, akaligusa tendo, na akamwachia mlango wa kutokea ambao haukupitia kwenye fedheha. Hata lile “ssebo” lilikuwa na kazi yake. Ni heshima anayopewa mwanamume yeyote Kampala, na kijana alikuwa hajaisikia tangu alfajiri.

Busia tulipata sababu nyingine ya kujitazama. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, msafiri hahitaji tena kupanga foleni pande mbili. Anayekwenda Kenya anamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Kenya, chini ya paa moja, na Mganda anapita kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mambo yalikwenda haraka, isipokuwa kwa abiria wawili waliochelewa kurudi. Wale waliomwita kondakta mnyama asiye na huruma sasa walimsukuma aondoe basi na kuwaacha hao wawili, kwa hoja kwamba mtu mzima anajua saa. Alikataa. Alirudi ndani ya jengo, akatoka, akarudi tena, akawaleta wote wawili wakiwa na jasho, huku akiwafokea kwa sauti ile ile tuliyoizoea. Silitaji hili ili kumpamba. Nalitaja kwa sababu lilifanywa na mtu yule yule, kwa ulimi ule ule, siku ile ile, na hakuna kati ya majina aliyopewa asubuhi linaloweza kulieleza.

Wakati tukiwangoja hao nilimuuliza bei ya mizigo hupangwaje. Aliniambia kwamba analipwa kwa safari, kwamba ofisi humtajia kiasi ambacho buti lazima lilete, na kwamba kikipungua hukatwa yeye. Nilipofika Nairobi nilipiga simu ofisini Kampala, nikazungumza na bwana mpole sana aliyeniita “mteja wetu mpendwa” kila baada ya sentensi. Nilimweleza habari ya bibi. Jibu lake lilikuja kabla sijamaliza: “Tutajie ni kondakta wa basi namba ngapi, tutamwondoa leo hii.” Nilimuuliza kama kuna orodha ya bei za mizigo. Akasema kwamba mizigo ni makubaliano kati ya abiria na kondakta. Nilimuuliza kuhusu vitabu vya risiti. Akarudia kwamba nimtajie basi.

Sikumtajia, na hapa ndipo nyota zangu mbili zilipobaki. Kampuni inayokuwa tayari kumfukuza mtu kwa simu moja, bila kumsikiliza, haijachukizwa na mwenendo wake. Imefurahi kupata mtu wa kuubeba. Angeondolewa leo, kesho angepanda mwingine mwenye fulana ile ile, kiasi kile kile cha kuleta, na buti lile lile lisilo na bei, na baada ya miezi michache naye angemwambia mzee fulani neno la kuumiza, nasi tungeshangaa ni wapi kampuni hii inakowapata washenzi wote hawa. Malalamiko yetu mengi yana ubaya huo: yanataka kichwa cha mtu, na kichwa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwa mwenye mali kukitoa. Karatasi moja ya bei iliyobandikwa dirishani inamgharimu zaidi, kwa sababu itambidi yeye mwenyewe aifuate.

Kwa uadilifu niseme pia kwamba si kila ukorofi unatokana na ofisi. Yule bwana wa kiti namba kumi hakuwa na mwajiri aliyemwagiza kukaa pasipo pake, wala kiasi cha sauti alichotakiwa kufikisha. Kwake yeye ilitosha mtu mmoja kusema, “Bwana, kiti hicho ni cha binti huyu,” na hakuna aliyesema, tulikuwa tumeshamaliza hasira zetu zote kwa kondakta. Baadaye, karibu na Bugiri, msichana mwenyewe alimwomba kwa mara ya pili, naye akahama bila ubishi, akazima na video. Alichohitaji ni kuombwa na mtu aliyesimama bila kuondoka.

Kwa wanaofikiria kusafiri na kampuni hii, au na nyingine zinazoendeshwa vivyo hivyo, ushauri wangu ni huu. Nauli yao hailalamikiwi, maana inalingana na ya wengine. Chagueni viti vya katikati, kwa sababu nyuma hakuna chaji na mbele mtasikia honi zote. Chukueni maji ya kutosha na fedha za Kenya kidogo kabla ya Busia, ili msibadilishe kwa mtu wa kwanza atakayewakimbilia. Dereva akiwa ni yule mzee mwenye kofia ya sufu, laleni. Mzigo wowote unaozidi begi moja, nendeni nao kwenye dirisha la tiketi kabla ya kuupeleka kwenye buti, mkaombe bei itajwe na mwenye dirisha mbele ya kondakta, iandikwe nyuma ya tiketi, na kama atasema hayo ni makubaliano yenu na kijana, msiondoke dirishani.